Nitrati kwenye tangi la samaki wa dhahabu: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Mtu anaweza kuwapenda samaki wake wa dhahabu, awalishe bila kukosa, na bado awaue kwa maji. Nairobi hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu wengi wetu hubadilisha maji ya tangi mfereji unapotoa, si samaki wanapohitaji.

Samaki wa dhahabu hula sana na huchafua sana. Hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu hata zikiwa kidogo, kwa hiyo kipimo chake kinatakiwa kiwe sifuri. Nitrati si kali hivyo, ila hujikusanya mpaka uitoe mwenyewe. Wafugaji wengi hawairuhusu kupita miligramu 40 kwa lita, na chini ya 20 ni bora.

Dhana: Maji yakionekana maangavu, ni safi.

Nitrati haina rangi wala harufu. Ni ile ile iliyomo kwenye mbolea ya CAN, na ikishayeyuka huioni. Samaki atakaa nayo kwa muda bila kuonyesha dalili, au kwa dalili ndogo tu, huku hamu ya kula ikipungua na magonjwa yakipata nafasi. Nunua kipimo cha matone, ambacho dawa yake hudondoshwa kwenye maji kidogo ya tangi na kuyabadilisha rangi. Ukikitumia, kuwa makini na chupa ya pili ya nitrati, kwa maana kwenye vipimo vingi dawa yake hutuama chini. Itikise kwa nguvu kwa nusu dakika nzima kabla ya kudondosha, kisha utikise na kineli chenyewe, yaani kichupa chenye maji unayoyapima, kwa dakika moja. Usipofanya hivyo utasoma njano ya nitrati kidogo, uridhike, kumbe ilipaswa kuwa nyekundu ya nitrati nyingi.

Dhana: Kichujio kizuri kinatosha.

Kichujio cha kawaida hakiondoi nitrati. Bakteria wake ndio wanaoitengeneza. Kujazia maji yaliyokauka pia si kuyabadilisha, kwa sababu mvuke huondoka peke yake na kuiacha nitrati ndani.

Dhana: Asilimia 10 kila wiki inatosha.

Hili linaaminiwa hata na wafugaji wazuri, na hesabu yake inafaa ifanywe mara moja vizuri. Chukua tangi ambalo nitrati yake hupanda kwa miligramu 10 kwa lita kila wiki. Ukitoa asilimia 10 ya maji, unatoa pia asilimia 10 tu ya nitrati. Kiwango kitaendelea kupanda polepole hadi kikaribie 100, kwa sababu hapo ndipo asilimia 10 inapolingana na kile kinachoongezeka. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, kitatulia kwenye 40 kabla ya kila zamu. Ukibadilisha nusu, kitatulia kwenye 20. Kwa hiyo usiwaulize watu ubadilishe kiasi gani. Pima, ngoja wiki moja bila kugusa maji, pima tena, na tofauti yake, ukiiweka kwenye hesabu hiyo, itakupa jibu la tangi lako.

Dhana: Maji yakija, mwaga yote na usugue kila kitu.

Naielewa hamu hii. Mtaa ukikaa siku kadhaa bila maji, mfereji ukitoa mtu hutaka kusafisha nyumba nzima, tangi likiwemo. Lakini sponji ikioshwa kwa maji ya mfereji, klorini huwaua bakteria, na amonia hurudi siku chache baadaye. Ioshe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kwenye miteremko ya Aberdare, na ni maji laini, yenye madini machache ya kuzuia asidi. Bakteria wanapotengeneza nitrati hutoa asidi pia, kwa hiyo tangi lililosahaulika huweza kuwa na asidi nyingi. Katika hali hiyo amonia huwa na makali madogo. Ukimwaga maji mapya mengi ghafla, asidi hupungua na amonia iliyokuwa imetulia huwa sumu papo hapo. Ukikuta nitrati imepita 100, toa asilimia 15 au 20 kila siku kwa wiki nzima.

Kwa ajili ya mgao, tenga pipa la samaki peke yao. Liache wazi kwa saa 24, likiwa na pampu ya hewa ukiweza, klorini itoke. Au tumia dawa ya kuondoa klorini. Mwezi wa Julai, usimimine maji ya asubuhi kutoka tangi la juu ya paa kabla hayajalingana joto na ya ndani.

Dhana: Maji ya kisima ni ya asili, hayana shida.

Hayana klorini, kweli. Lakini kisima kifupi karibu na vyoo vya shimo huweza kuwa na nitrati tayari, na kama yana 30, hutaishusha ya tangi chini ya 30 kwa maji hayo. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Maji ya boza na ya mkokoteni nayo hujui yametoka wapi. Pima kila chanzo kipya kabla hakijagusa tangi.

Dhana: Mimea itamaliza nitrati.

Husaidia, ila samaki wa dhahabu huila. Inayofaa zaidi ni ile inayoota nje ya maji huku mizizi tu ikiwa ndani, na hata hiyo haitoshi peke yake. Maji unayoyatoa mwagia sukuma wiki, isipokuwa kama uliweka chumvi au dawa ya samaki.