Toys "R" Us ilikufa ikiwa na wateja. Mbona bado inasubiriwa?

Tarehe 29 Juni 2018, maduka ya mwisho ya Toys "R" Us, mnyororo wa maduka ya midoli na vitu vingine vya kuchezea watoto, yalifunga milango nchini Marekani. Wiki kadhaa kabla ya hapo kila kilichokuwemo ndani kilikuwa kinauzwa kwa bei ya kutupa: midoli, baiskeli, kisha rafu zenyewe. Watu wazima ambao hawakuwa wamekanyaga humo tangu utotoni walikwenda kupiga picha mbele ya bango lenye ile R iliyogeuzwa.

Tangu hapo swali ni lile lile: litarudi lini? Mwaka 2019 lilijibiwa, 2021 likajibiwa tena, na wanaouliza hawajaridhika. Ukitaka kujua kwa nini hawaridhiki, anza na kilichoiua. Wengi watakuambia ni Amazon. Hiyo ni nusu ya habari, na pengine hata nusu haifiki: mwaka mmoja kabla ya kuomba mahakama iilinde dhidi ya wanaoidai, kampuni hii ilikuwa bado inauza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 11. Wateja walikuwepo.

Mwanzilishi wake, Charles Lazarus, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1948 alifungua duka la vitanda vya watoto wachanga mjini Washington, mahali ambapo baba yake alikuwa na biashara ya baiskeli. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wenzake wametoka vitani, wanaoa, watazaa. Wakazaa kweli. Lakini biashara ya vitanda ina kasoro yake. Mzazi akishanunua kimoja, mtoto wa pili na wa tatu watalala humo humo. Mdoli ni habari nyingine. Unavunjika, unapotea, mtoto anauchoka, au wa jirani anapata mpya na kwenu hapalaliki. Mzazi aliyenunua leo atarudi tu. Lazarus akahamia kwenye midoli, na mwaka 1957 akafungua duka la kwanza lenye jina la Toys "R" Us huko Rockville, Maryland. Ile R inayotazama nyuma ni ya makusudi, ionekane kama imeandikwa na mtoto anayejifunza herufi.

Siku hizo Marekani midoli ilikuwa hasa bidhaa ya Krismasi. Maduka makubwa yaliitengea nafasi msimu ukikaribia, na Januari nafasi hiyo ikarudi kwa nguo na vyombo. Lazarus aliiweka mwaka mzima, ikapangwa kwenda juu kama ghalani, kwa mtindo wa supamaketi: chukua kigari, zunguka, jichagulie. Watengenezaji kama Mattel na Hasbro nao walifaidika, maana waliweza kuona mapema mwakani ni mdoli upi unachangamka kabla ya kuamua viwanda vitoe nini kwa ajili ya Desemba.

Halafu kulikuwa na ujanja wa nepi. Lazarus aliuza nepi kwa bei ambayo haikumpa faida ya maana, na hakujali. Mzazi wa mtoto mchanga hana budi kununua nepi kila wiki, na akishaingia dukani atapita mbele ya rafu za midoli. Nepi zilikuwa chambo. Shikilia neno hilo kidogo, litarudi na kumng'ata.

Waliokulia Marekani miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wakiwemo watoto wa familia za Afrika Mashariki zilizohamia huko, hawasimulii sana bei. Wanasimulia upande wa michezo ya video. Kaseti za Nintendo zilikuwa ghali na rahisi kutiwa mfukoni, kwa hiyo hazikuwekwa wazi. Ukutani zilining'inia kadi zenye picha ya jalada la kila mchezo; ukiinua kadi unasoma maelezo nyuma yake. Chini ya kadi palikuwa na kijimfuko cha vikaratasi. Kikaratasi kikiwepo, mchezo upo. Kijimfuko kikiwa kitupu, basi tena, mpaka siku nyingine. Unachomoa kikaratasi, unakipeleka kwa keshia, mzazi analipa, kisha mnakwenda na risiti kwenye chumba kilichofungwa kando ya njia ya kutokea, na mfanyakazi anawatolea mchezo wenu. Kwa mtu mzima huo ni usumbufu mtupu. Kwa mtoto wa miaka tisa, ule mwendo wa kutoka ukutani hadi kwenye kile chumba, karatasi mkononi, ndio uliokuwa sikukuu yenyewe.

Kampuni ilijua kucheza na hisia hizo. Tangazo lake la mwaka 1982 liliwaonyesha watoto wakiimba kwamba hawataki kukua, na twiga wake, Geoffrey, akawa anafahamika kuliko wanasiasa wengi. Mwaka 2001 ikafungua duka pale Times Square, New York, lenye bembea kubwa ya kuzunguka, urefu wa mita 18, ndani kwa ndani. Lilidumu hadi mwisho wa 2015.

Kufikia hapo, lakini, mambo yalikuwa yameshaharibika. Mwaka 1998 Walmart, mnyororo wa maduka makubwa yanayouza karibu kila kitu, iliipita Toys "R" Us kwa mauzo ya midoli Marekani. Ilitumia silaha ya Lazarus mwenyewe, ikiwa imegeuzwa: Walmart iliweza kuuza midoli bila faida ya maana msimu wa Krismasi, kwa sababu mzazi aliyekuja kwa ajili ya mdoli ataondoka na mchele, sabuni na matairi. Sasa midoli ndiyo iliyokuwa chambo. Duka lisilo na kingine cha kuuza haliwezi kushindana na mtu anayeigawa bidhaa hiyo karibu bure.

Kwenye intaneti nako kulikuwa na kosa la kihistoria. Mwaka 2000 Toys "R" Us ilifunga mkataba wa miaka 10 na Amazon: midoli yake iuzwe huko, na mteja aliyeingia kwenye tovuti ya Toys "R" Us apelekwe Amazon. Amazon ilipoanza kuruhusu wauzaji wengine wa midoli, kesi ikafunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 mahakama ikaruhusu mkataba uvunjwe. Toys "R" Us ilishinda kesi. Ila miaka hiyo yote ilikuwa imewafundisha wateja wake njia ya kwenda kwa mshindani, na duka lake la mtandaoni likalazimika kuanza karibu na sifuri.

Hata hivyo, hayo ni magonjwa ambayo kampuni huyaugua na kupona. Kilichoimaliza, kwa maoni yangu, ni deni. Mwaka 2005 iliuzwa kwa kampuni mbili za uwekezaji, KKR na Bain Capital, pamoja na Vornado, kampuni ya majengo, kwa dola bilioni 6.6. Wanunuzi walitoa mfukoni kiasi cha dola bilioni 1.3. Zilizobaki zilikopwa, na mdaiwa hakuwa mnunuzi, alikuwa Toys "R" Us yenyewe. Ni kama mtu anunue daladala kwa mkopo, kisha deni liandikwe kwa jina la daladala hiyo: dereva na kondakta watalilipa kwa nauli za kila siku, na gari likinyang'anywa, mnunuzi amepoteza kile kidogo alichotanguliza tu.

Riba peke yake ikawa inakula zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka. Duka liliendelea kupata faida katika uendeshaji wake, ila faida hiyo ilikuwa inapita tu kuelekea kwa wakopeshaji. Walmart ilipokuwa ikikarabati maduka na kujenga mauzo ya mtandaoni, Toys "R" Us haikuwa na cha kukarabatia. Taa zilififia, wahudumu wakapungua, na wazazi wakaanza kuona hakuna sababu ya kufunga safari.

Septemba 2017 ikaomba ulinzi wa mahakama. Watengenezaji wa midoli wakaingiwa na hofu, wakaanza kubana masharti ya mali kauli, na Krismasi ya mwaka huo ikaenda vibaya. Machi 15, 2018 ikatangazwa kwamba maduka yote ya Marekani, zaidi ya 700, yatafungwa. Wafanyakazi wapatao 33,000 walipoteza kazi bila kiinua mgongo. Lazarus alifariki tarehe 22 mwezi huo huo, wiki moja baada ya tangazo, akiwa na miaka 94. Wafanyakazi hawakukaa kimya. Waliandamana na kuwafuata wawekezaji maofisini, na Novemba 2018 KKR na Bain wakatoa mfuko wa dola milioni 20 wa kuwafuta machozi. Ugawanye kwa watu hao wote uone unafika wapi.

Sasa, kwa nini watu wanalia? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, Tim Wildschut na Constantine Sedikides, wamechunguza kwa miaka mingi hisia hii ya kuwaza yaliyopita kwa utamu. Katika utafiti wao wa mwaka 2006 walikuta kwamba mara nyingi inaamshwa na huzuni au upweke, kwamba katika kumbukumbu hizo mtu karibu kila mara yuko pamoja na wengine, na kwamba akimaliza kukumbuka anajihisi yuko karibu zaidi na wapendwa wake. Wasikilize wanaoisimulia Toys "R" Us na utaona jambo hilo hilo. Hakuna anayesimulia akiwa peke yake. Kuna baba aliyepokea mshahara Ijumaa, kuna bibi aliyekuja kutembea, kuna kaka aliyetangulia kukimbilia kikaratasi cha mwisho.

Kuna na jambo la umri. Mtoto aliyeimba lile tangazo la 1982 leo ana watoto, pengine wajukuu, na angependa kuwashika mkono awapeleke. Kununua kwa simu hakumpi nafasi hiyo. Lakini tusidanganyane: wengi wanaolia ndio hao hao waliokuwa wakinunua Walmart na Amazon miaka 15 mfululizo. Duka wanalolililia lilikuwa limeshadhoofika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Lililozikwa 2018 lilikuwa kivuli chake.

Ndiyo maana majibu ya "litarudi lini" hayaridhishi. Mwaka 2018 jina, nembo na twiga vilikuwa vipigwe mnada. Mnada ukafutwa na wakopeshaji wakabaki navyo. Mwaka 2019 kampuni mpya, Tru Kids, ilifungua maduka mawili madogo, moja Paramus, New Jersey, na jingine Houston. Kufikia Januari 2021 yote mawili yalikuwa yamefungwa. Machi mwaka huo huo kampuni ya WHP Global ikachukua jina. Kazi ya WHP ni kumiliki majina ya biashara na kuyakodisha: mwingine alipe pango, aajiri, ajaze bidhaa, na yenyewe ipokee ada. Kwa hiyo Toys "R" Us ikarudi kama kona ndani ya maduka ya Macy's, mnyororo wa maduka makubwa ya nguo na bidhaa za nyumbani, zaidi ya kona 400, likaongezwa duka moja la ghorofa mbili katika kituo cha American Dream, New Jersey, Desemba 2021, na jingine uwanja wa ndege wa Dallas mwaka 2023. Februari 2024 Macy's nayo ikatangaza kufunga maduka yake yapatayo 150.

Je, lile ghala la zamani linaweza kujengwa upya? Sioni vipi. Linahitaji mtu wa kuweka mabilioni katika bidhaa ambayo sehemu kubwa yake huuzwa wiki chache za mwisho wa mwaka, akipambana na wale wanaoitumia kama chambo. Maduka mengine ya midoli yamejaribu kurudi. KB Toys, mnyororo mwingine wa midoli uliokufa mwaka 2009, ulitangaziwa kurudi mwaka 2018 na kampuni iliyokuwa imenunua jina lake, maduka hayakuonekana. FAO Schwarz ya New York, iliyoanza 1862 na kufunga duka lake la Fifth Avenue Julai 2015, ilifanikiwa kufungua tena Novemba 2018 pale Rockefeller Center, ikiwa na ile piano yake ya kukanyagwa kwa miguu. Lakini hilo ni duka la watalii katikati ya jiji, ambako mtu hulipia pia raha ya kufika. Huwezi kufungua mia saba ya namna hiyo.

Wengi hawajui, hata hivyo, kwamba kilichokufa kilikuwa tawi la Marekani, pamoja na Uingereza na Australia mwaka huo huo. Maduka ya Ghuba, kama yale ya Dubai, yanaendeshwa na kampuni ya huko kwa leseni, nayo yaliendelea. Kanada yalipata mmiliki mwingine, ingawa miaka ya karibuni mengi yamefungwa. Na Japani yapo zaidi ya 100, mengi yakiwa makubwa kweli. Huko kampuni iliingia kwa taabu: sheria iliwalinda wenye maduka madogo dhidi ya maduka makubwa, ikalegezwa baada ya Marekani kushinikiza, na duka la kwanza likafunguliwa Desemba 1991 mkoani Ibaraki. La pili, mkoani Nara, lilipofunguliwa Januari 1992, Rais George H. W. Bush alihudhuria mwenyewe. Mmarekani anayetaka kumwonyesha mwanawe duka la utoto wake akate tiketi ya Tokyo.