Protini zilizosahaulika mwilini na dawa: maswali mnayoniuliza sana

Eti ni protini hizi za dagaa na sangara?
Hapana, ila zinahusiana. Ukila dagaa mwili unaivunjavunja ile protini unajengea za kwako, za kubeba oksijeni, za kugandisha damu, na kadhalika, jeni za kuzitengeneza, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ziko kama 20,000 hivi. Dawa nyingi tunazomeza zinafanya kazi kwa kuishika protini fulani.

Sasa shida iko wapi?
Dawa zilizoidhinishwa Marekani zinalenga protini za binadamu kama 700 hivi tu. Zipo nyingi tu ambazo kazi yake haieleweki vizuri. Watafiti nao ni kama wavuvi wa dagaa usiku, taa zote zinajazana pale palipotoka mzigo jana, maana ukiomba hela ya kuchunguza protini isiyojulikana unaulizwa ushahidi uko wapi na ushahidi wenyewe unataka hela. Ndo maana 2014 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ikaanzisha mradi wa kuzimulika protini hizo zisizojulikana.

Kompyuta si zimeshamaliza hiyo kazi?
Programu ya kompyuta inayoitwa AlphaFold mwaka 2021 ilitoa makisio ya maumbo ya karibu protini zote za binadamu, safi sana, ila umbo halikwambii kazi.

Inatuhusu nini sisi wa Kanda ya Ziwa?
Selimundu hiyo hapo, ugonjwa wa damu wa kurithi! Mtoto anazaliwa anaonekana mzima kabisa, kwenye miezi sita hivi vidole vinaanza kuvimba analia ukimgusa, kwa sababu himoglobini (ile protini ya kubeba oksijeni) aliyotoka nayo tumboni imepungua, na inayochukua nafasi yake ina kasoro. Anayeizima hiyo ya tumboni ni protini inaitwa BCL11A, ilikuwa inajulikana kwa mambo ya kansa ya damu, mpaka 2008 ndo ikagundulika inahusika na selimundu. Mwisho wa 2023 Uingereza na Marekani wakaidhinisha tiba inaitwa Casgevy, wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanahariri jeni ili BCL11A ipungue, wanazirudisha. Bei Marekani dola milioni 2.2, hapo ndo mimi huwa nachoka. Kidonge cha kuishika BCL11A bado kinatafutwa.

Kwa hiyo nisubiri hicho kidonge?
Usithubutu mama. Dawa ya haidroksiyurea ipo na inaongeza hiyohiyo himoglobini ya utotoni, kaulizie kliniki ya selimundu, hospitali ya Bugando Mwanza wanayo kliniki hiyo, na mtoto akipata homa mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Kuna unga wanauza stendi eti unaamsha protini zilizolala?
Hela hiyo kanunulie sato.