Kikosi cha kubaki nyuma ni nini?

Jeshi likizidiwa na kurudi nyuma, kuna watu wanaoachwa makusudi katika eneo ambalo adui ataliteka. Wanajificha, adui anawapita, kisha usiku wanatoka kumhujumu: wanalipua mafuta yake, magari yake, reli anayoitegemea. Hicho ndicho kikosi cha kubaki nyuma. Kinatofautiana na wapiganaji wengi wa msituni kwa kuwa huundwa kabla adui hajatia mguu.

Uingereza iliunda vyake mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka na Wajerumani wakawa ng'ambo tu ya bahari. Kanali Colin Gubbins ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Jina lilikuwa la kawaida kabisa, Auxiliary Units, yaani vikosi vya ziada, lisimshtue mtu.

Walioandikishwa wengi walikuwa watu wa shamba: wakulima, wahunzi, walinzi wa wanyamapori, hata majangili. Kwangu, uzito wa mpango mzima uko hapo. Mhunzi wa kijiji anajua kila kichochoro na kila ua wa miti, na akionekana amebeba vyuma hakuna anayeuliza. Mchana anapigilia farasi viatu. Jioni anaaga kwamba anakwenda lindo la mgambo, na mkewe anaamini. Kumbe anaelekea kwenye handaki msituni, mlango wake umefunikwa udongo na majani. Ndani mna vitanda, baruti na chakula cha wiki mbili hivi. Hakuna aliyetarajia kwamba wangeishi zaidi sana ya hapo.

Kitabu chao cha mafunzo kilivishwa jalada la shajara ya mkulima ya 1939, na tangazo la mbolea juu yake. Kiwashio cha baruti nacho kilikuwa kijibomba chembamba kama penseli. Ukikibana kwa koleo, kichupa cha ndani kinapasuka na kemikali inaanza kuula waya taratibu. Waya ukikatika, kipigio kinafyatuka. Wakati huo aliyekitega ameshafika mbali.

Wajerumani hawakuja. Novemba 1944 vikosi vilivunjwa, na wanaume wale wakapewa beji ndogo ya kubandika kwenye koti. Walikuwa wametia saini kutunza siri, wakaitunza kwelikweli. Wengine walizikwa bila wake zao kujua lolote.