Si kila kiburi ni "arrogant"

Katika tafsiri za Kiswahili kwenda Kiingereza ninazohariri, hakuna neno la tabia ninalolikata mara nyingi kama arrogant. Si kosa lenyewe. Limebebeshwa tu mizigo yote: mwenye maringo, mwenye dharau, mjivuni, anayejisikia, hata fidhuli wa kawaida, wote wanavuka ng'ambo wakiwa arrogant. Kiswahili chenyewe hakiwachanganyi hivyo. Anayeringa anaweza asimdharau mtu yeyote. Kazi yake ni kuringa tu.

Kabla sijachagua neno, huwa najiuliza kiburi hicho kinamwangalia nani. Kipo kinachomwangalia mwenyewe. Vain ni wa sura na mavazi, conceited anajiona ana akili au kipaji kuliko wote, na smug ni yule aliyeridhika na nafsi yake mpaka anakera: matokeo yametoka kama alivyotabiri, hasemi kitu, anatabasamu tu. Smug, kwa taarifa yako, katika karne ya 16 ilimaanisha mtu nadhifu, mtanashati. Watatu hawa hawajamgusa mtu bado.

Arrogant anagusa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujitwalia, kudai kisicho haki yako, na mpaka leo neno halijaachana na dai hilo. Ndiye anayewakatiza wenzake kikaoni na kuona taratibu zimewekwa kwa ajili ya watu wengine. Kama mhusika wako hadai chochote, tafuta neno jingine.

Haughty, anayejiona wa juu na kuwatazama wengine kama wa chini, ni la riwaya. Ukimwita hivyo bosi wako kwenye mazungumzo, utaonekana umetoka kwenye kamusi sasa hivi. Mdomoni watu husema stuck-up. Supercilious nalo ni la maandishi, ila nalipenda kwa sababu limetokana na neno la Kilatini la unyusi, na kweli tabia yenyewe iko hapo: unauliza swali, mtu anainua unyusi mmoja, kisha anamgeukia mwingine.

Kazi ngumu ni condescending na patronising, kwa kuwa hapa hakuna tusi na sauti yenyewe ni laini. Mhasibu mzoefu anauliza kuhusu tarakimu moja kwenye bajeti, meneja anamjibu kwa upole: "Usijali, nitakueleza taratibu, mambo haya yanachanganya kidogo." Ukitafuta neno baya humo hulioni, lakini mhasibu ameshafanywa mtoto. Ukimwita meneja huyo arrogant, msomaji wa Kiingereza atatarajia ukali, asiuone.

Zamani condescension ilikuwa sifa: mkubwa anajishusha na kuzungumza na wadogo. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka 1813, kasisi Mr Collins anamsifu Lady Catherine, bibi tajiri anayemfadhili, kwa condescension yake, na anamaanisha kila neno. Anayecheka ni mwandishi. Imani ya kuwa watu ni sawa ilipoenea, sifa ikageuka shutuma, maana wa kujishusha ni lazima kwanza awe amejiweka juu. Patronising linatokana na patronus wa Kilatini, mlezi na mfadhili, na ndani yake mna baba. Waingereza wengi huyatumia mawili haya bila kuyatenga. Mimi naweka patronising penye wema wa juujuu, kama kumpongeza mtu mzima kwa jambo dogo ambalo kila mtu analiweza.

Snob limesafiri zaidi. Mwishoni mwa karne ya 18 lilikuwa jina la fundi viatu, kisha wanafunzi wa Cambridge wakawaita hivyo watu wa mjini wasio wa chuo. Mwandishi Mwingereza Thackeray, katika makala zilizokuja kuwa The Book of Snobs mwaka 1848, akalielekeza kwa wanaowasujudia wakubwa. Leo snob ni anayejiona bora kwa ladha au tabaka lake, na huhitaji uwanja wake: mvinyo, muziki, shule, lafudhi. Mtu anaweza kujiita wine snob kwa utani. Sijasikia aliyejiita haughty.

Angalia pia ngazi. Insolent, yaani fidhuli, hutoka chini kwenda juu, mdogo kwa mkubwa, kwa hiyo bosi hawi insolent kwa karani wake. Uppity usiliguse kabisa. Nchini Marekani lilitumika dhidi ya watu weusi walioonekana "kutojua nafasi yao", na doa hilo halijatoka. Ukilitumia, utakuwa umejieleza wewe kuliko unayemsema.

Proud nalo lina mtego. Likifuatwa na of ni fahari: proud of her son ni mama anayeona fahari kwa mwanawe. Likisimama peke yake, kama a proud man, linaweza kuwa heshima au kiburi, na muktadha ndio huamua. Kwa hiyo "ana kiburi" siitafsiri he is proud, ila pale sentensi inayofuata inapomwonyesha akikataa kuomba msamaha.