Methani ya vinamasi: mambo watu wanayoyakosea, kuanzia harufu mpaka Sudd

Ukitaja tu methani, moja ya gesi zinazopasha dunia joto, lazima atokee mtu aseme "si ile gesi inayonuka kwenye tope?" Hapana bana, methani haina harufu wala rangi. Inayonuka kama yai viza ni gesi nyingine yenye salfa, ila zote zinatoka tope moja ndo maana watu wanazichanganya. Na cha kuchekesha, kwenye mikoko kama ya delta ya Rufiji ndo kunanuka haswa, ila methani huwa ni kidogo kuliko kinamasi cha maji baridi, kwa sababu maji ya bahari yana salfeti nyingi na vijidudu vinavyotumia salfeti vinawanyang'anya chakula vile vinavyotengeneza methani. Ukitaka kuiona methani nenda kinamasi cha maji baridi, chokoa tope na fimbo, yale mapovu yanayopanda juu mengi yake ndo yenyewe. Mtaliano Alessandro Volta aliyakusanya ziwa Maggiore mwaka 1776, akayatia moto, yakawaka.

Sasa inayoniudhi kuliko zote ni hii ya kusema vinamasi vimekuwepo tangu enzi na enzi vinatoa kiasi kilekile kila mwaka, kwahiyo havihusiani na tabianchi. Sio kweli. Methani inatengenezwa na vijidudu vinavyoozesha mabaki ya mimea pale ambapo hakuna oksijeni, maana yake eneo likifurika udongo unaishiwa hewa na kazi inaanza, joto likipanda navyo vinaongeza spidi. Chukua mwisho wa 2019, Bahari ya Hindi upande wetu huu ilipata joto kuliko kawaida, mvua zikapiga Afrika Mashariki mfululizo, ziwa Victoria likajaa mpaka Mei 2020 likapita rekodi yake ya 1964, watu wa Kisumu na Entebbe wanakumbuka vizuri maji yalivyowafuata mpaka mlangoni. Ila yale maji hayakuishia hapo, yaliteremka na Nile hadi Sudan Kusini yakatandaa kwenye Sudd, kinamasi kikubwa ajabu cha mafunjo na matete, kikatanuka, na satelaiti zinazopima gesi zikaona methani imeongezeka juu yake. (Na mafunjo yenyewe yanachangia, bua lake lina njia za hewa ndani, gesi inapanda humo kama soda kwenye mrija, haipiti kwenye tabaka la juu la tope ambako kuna bakteria wengine wangeila.) 2021 methani ya dunia nzima ikapanda kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana tangu vipimo vianze miaka ya 80. Sio Sudd peke yake jamani, na 2020 ile kemikali ya hewani inayoisafisha methani nayo inaelekea ilipungua kwa vile magari na viwanda vilitulia, ila vinamasi vya ukanda wa joto vina sehemu kubwa kwenye hiyo hesabu.

Basi wengine wakisikia hivyo wanaruka upande wa pili, oh kumbe ni asili yenyewe, sisi tusisumbuliwe. Karibu asilimia 60 ya methani inatokana na binadamu, ng'ombe, majaruba ya mpunga, madampo, makaa ya mawe, mabomba ya mafuta na gesi yanayovuja. Bomba unaliziba, mvua huizibi.

Halafu kuna wale wa "si tuvikaushe tu". Kwa Sudd ilishajaribiwa, japo sababu ilikuwa maji na sio gesi. Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa 1978 ili maji yaende Sudan na Misri bila kupotelea humo, zikachimbwa kilomita zaidi ya 200 kati ya kama 360, vita ikausimamisha na limashine la kuchimbia likaachwa porini linaota kutu. Lakini hata ukiangalia tabianchi tu, kukausha hakukusaidii. Angalia mboji ya katikati ya bonde la Kongo, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwenye maji bila kuoza vizuri, imefungia kaboni kama tani bilioni 30, ukiikausha methani itapungua kweli ila oksijeni inaingia na ile kaboni inaanza kutoka kama hewa ukaa, na ikishika moto ndo basi, Indonesia waliona 2015. Methani ina nguvu ya kupasha joto kama mara 80 ya hewa ukaa ukihesabu miaka 20, ila inakaa hewani miaka kama kumi hivi, wakati hewa ukaa nyingine utaiacha humo na vitukuu vyako wataikuta.