Mke wa Krapf: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Rosina Krapf, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, hakumaliza hata miezi mitatu Mombasa. Alifika mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo akafariki. Kwa muda mfupi hivyo ungedhani watu wasingepata la kumzushia, lakini wapi! Amebebeshwa mambo ya watu wengine na ya miaka mingine.

Linalosikika zaidi ni kwamba amezikwa Rabai. Si ajabu, maana Rabai ndiko kwenye kanisa la zamani na makumbusho yenye jina la mumewe. Lakini kituo cha Rabai kilianzishwa Agosti 1846, Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, alipokwisha kufika, na wakati huo Rosina alikuwa kaburini miaka miwili. Kaburi lake liko upande wa Nyali, ng'ambo ya maji, mkabala na Mji wa Kale. Huenda wengine humchanganya na Emma, Mwingereza aliyeolewa na Rebmann mwaka 1851. Wapo pia wanaomhusisha na Freretown kwa sababu ya ujirani tu. Makazi hayo ya watumwa walioachwa huru yalianza 1875, zaidi ya miaka thelathini baada ya mazishi yake.

Kuna uvumi mwingine unaoudhi zaidi: kwamba alizikwa bara kwa kuwa Waislamu wa Mombasa walimnyima nafasi kisiwani. Krapf mwenyewe aliandika kinyume chake. Mkewe ndiye aliyetaka alazwe upande wa bara, katika nchi ya Wanyika (ndivyo Wamijikenda walivyoitwa enzi hizo), ili wapita njia walione kaburi na kukumbuka kilichowaleta wamisionari. Na uhusiano wao na Waislamu wa mji haukuwa wa uadui. Walikuja na barua ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, iliyomtaja Krapf kuwa mtu mwema na kuagiza asaidiwe kokote aendako. Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi mmoja baadaye nyumba yao ikaingia msiba.

"Mke wa mkoloni wa Kijerumani," husema wengine. Hapa miaka imeparaganyika. Mwaka 1844 Ujerumani kama dola moja haikuwapo bado. Iliundwa 1871, na utawala wake Afrika Mashariki ulianza 1885. Krapf alitoka Württemberg, mojawapo ya falme za Kijerumani za wakati huo, na alitumwa na CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza. Rosina, aliyezaliwa katika ukoo wa Dietrich, alitokea Basel, Uswisi, mji ambao Krapf alisomea umisionari. Walifunga ndoa Misri mwaka 1842. Mtawala wa Mombasa wakati huo alikuwa Sayyid Said, na wao walikuwa wageni wake. Ukitaka kuujadili umisionari na ukoloni, mada ni halali kabisa, ila anza na tarehe zilizo sawa.

Kuhusu kifo chenyewe, nimesikia sumu, nimesikia uchawi. Ilikuwa homa, na wanahistoria huihesabu kuwa malaria. Krapf naye alikuwa hoi kitandani siku hizohizo. Rosina alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa Julai akiwa tayari mgonjwa. Akafa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Wakati ule waganga wa Ulaya waliamini homa hizi zinatokana na mvuke wa vinamasi; Ronald Ross aliwaona vimelea ndani ya mbu mwaka 1897. Leo tunajua kwamba vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma, na kwamba mjamzito asiye na kinga ya kukulia penye malaria yumo hatarini sana. Rosina alikuwa hivyo hasa.

Wasimulizi wengi pia husema huyo ndiye mtoto wake wa pekee. La. Mwaka 1843, walipokuwa wakijaribu kuingia Ethiopia, alikofanya kazi Krapf kabla ya ndoa, Rosina alijifungua njiani, jangwani, kabla ya wakati. Mtoto akabatizwa jina la Eneba, yaani chozi, akafa papo hapo safarini. Kwa hiyo mama huyu alizika mmoja na kuzikwa pamoja na wa pili ndani ya miaka miwili ya ndoa, na bado vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja, katikati ya safari za mumewe.

Husemwa pia kuwa lake ni kaburi la kwanza la Kikristo pwani yetu. Wareno walikuwa wamezika watu wao Malindi na Mombasa karne nyingi kabla. Ni sahihi kusema la kwanza la misheni ya Kiprotestanti, na ndivyo Krapf alivyolichukulia alipowaandikia wakubwa wake London kwamba sasa lipo kaburi moja pweke la misheni katika pwani hii, ishara kuwa kazi imeanza. Wanaodhani alikata tamaa wasome barua hiyo. Alibaki hadi 1853, akachapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Alirudi Ulaya kwa sababu ya afya, akaoa tena mwaka 1856.