Mafua yameisha juzi: upasuaji wa sainasi uendelee au usubiri?

Nina tarehe ya upasuaji wa sainasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa inayozunguka pua) wiki ijayo, na mafua ndiyo kwanza yameniacha. Niende tu?

Piga simu hospitali leo, usingoje asubuhi ya upasuaji. Hata homa ikishaisha, njia ya hewa hubaki imechubuka na nyepesi kushtuka, wakati mwingine hadi wiki 6. Ukiwa katika usingizi wa dawa, mpira wa kupumulia ukigusa koo, zoloto (kisanduku cha sauti kooni) linaweza kubana ghafla au mirija ya mapafu ikajikaza, hewa isipite. Watoto, wavutaji sigara na wenye pumu wako hatarini zaidi. Ndiyo maana upasuaji usio wa dharura kwa kawaida huahirishwa wiki 2 hadi 4, na zaidi kidogo kama kikohozi kilishuka kifuani. Kwa UVIKO-19, mwanzoni ilishauriwa kusubiri wiki 7. Siku hizi aliyeugua kidogo anaweza kufikiriwa baada ya wiki 2, kwa kupima hali yake na daktari wa usingizi.

Lakini kinachopasuliwa ni pua, si kifua.

Pua yenyewe ni sababu nyingine ya kusubiri. Utando uliovimba huvuja damu upesi, na daktari anafanya kazi kwa kamera nyembamba iliyopitishwa tunduni: tone dogo tu likifunika lenzi, haoni. Pembeni pana mfupa mwembamba kama karatasi unaotenga sainasi na jicho. Juu yake, sakafu ya ubongo. Hapo milimita moja ni kubwa.

Uliza pia picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya sainasi) ilipigwa lini. Ikipigwa wakati wa mafua, huonyesha uvimbe na majimaji hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa sainasi, na uvimbe huo huisha wenyewe. Tunaona si haki mtu kupasuliwa kwa picha ya namna hiyo.

Nifanye nini nikisubiri?

Osha pua mara 1 au 2 kwa siku: maji mililita 240 yaliyochemshwa na kupoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kuwa na vijidudu hatari kwa ubongo. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 3, la sivyo pua huziba zaidi. Dawa ya pumu endelea nayo. Kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Je, kuna wakati kusubiri ni hatari?

Ndiyo. Jicho kuvimba au kusukumwa nje, kuona vitu viwili au ukungu, kichwa kuuma vikali pamoja na shingo kukakamaa, kusinzia kupita kawaida: usaha huenda umevuka sainasi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, mafua yawepo yasiwepo.